Kidole Gumba na Kata ya Kwanza

Mtu akikujia na sufuria ya supu ya maini, na kidole chako cha mguu kimevimba, mrudishe na supu yake. Mrudishe hata kama ni mama yako mzazi. Mimi sikumrudisha. Nilikaa miezi mingi nikilishwa kilichokuwa kikiniumiza, kijiko kwa kijiko, na kila nikimaliza nasema ahsante mama.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusema. Tangu nipate nafuu hazipiti siku mbili hajaja mtu hapa kwangu Likoni, anavua kiatu bila kuulizwa, ananiwekea mguu karibu na sahani yangu ya chakula: "Zakaria, hebu tazama, ndio huo wako?" Mimi si mganga wala si daktari. Mimi ni mgema. Lakini ugonjwa huu naujua unavyoingia na unavyokaa, na najua upuuzi wote ambao watu watakwambia ukiwa nao. Basi nitausema mara moja. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, na mniache nile.

Kwanza mfahamu kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Nagema minazi ishirini na miwili ya Mzee Bakari, kwenye njia ya kwenda Mtongwe. Mzee mwenyewe ni Mdigo, Mwislamu wa kweli, tembo hata kulinusa hanusi; miti ni yake, kupanda ni kwangu. Mgema hupanda kila mti asubuhi, mchana na jioni. Huko juu unakata ncha ya karara, lile chipukizi la maua ya mnazi, kidogo tu kwa kotama, kile kisu chetu kilichopinda, unafunga kibuyu, tembo linadondoka. Usipokata siku mbili tatu karara linakauka, na mti huo umekwisha mpaka litoke jingine. Na kupanda kwenyewe ni kwa vidato, yale mapengo tunayoyachonga kwenye shina. Kidato hakichukui wayo wote, kinachukua kidole gumba. Uzito wa mtu mzima, pamoja na vibuyu vyake kiunoni, unakaa juu ya kidole gumba.

Jambo la pili ni kata ya kwanza. Kwetu Rabai, na kwa Wagiriama, na hata hapa Likoni, humpi mtu tembo kabla hujalionja mbele ya macho yake. Unateka kata, kile kifuu chenye mpini, unapiga mafunda mawili matatu, unafuta kinywa, ndipo unamtilia yeye. Twasema ni kutoa uchawi. Anayeuza bila kuonja ana lake jambo. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijafundishwa sala ya Baba Yetu, na sikuwahi hata siku moja kuhesabu kwamba huko ni kunywa. Mnywaji ni yule aliyekaa. Mimi nilikuwa nimesimama, niko kazini.

Kanisani kwetu mchungaji aliniandika "mkulima wa minazi", nasi sote tukaliacha lipite hivyo, kwa sababu naimba sauti ya nne na hakuna mwingine anayeifikia. Lakini mke wangu, Mama Dama, ni mtu wa dini kwelikweli. Ni wa chama cha akina mama, wale wanaovaa kitambaa cheupe kichwani na waliokula kiapo kwamba tembo halitagusa midomo yao. Miaka kumi na sita amefua mashati yangu yananuka tembo, na yeye hajui hata ladha yake.

Basi. Ulinishika wakati wa mchoo, zile mvua za mwezi wa saba, katika miaka ya vita, unga ukitafutwa kwa tochi. Niliamka alfajiri niende kwenye mti wa kwanza. Nikateremsha mguu wa kulia kitandani, nikapiga ukelele mpaka mbuzi wakajibu. Kidole gumba kimekuwa chekundu, kinang'aa, kimejaa kama kitunguu kilichomenywa. Mama Dama akanifunika leso. Nikamwambia aitoe. Leso jamani, leso nyepesi ya kujifunga, nikaiona nzito kama mlango!

"Umejigonga wapi, Baba Dama?"

"Sijajigonga popote."

"Mtu havimbi bure."

"Mimi nimevimba bure."

Mama yangu, ambaye tulikuwa tukikaa naye, aliingia, akatazama, akasema damu imepungua. Kwa mama kila kitu ni damu kupungua. Nyama ilikuwa shida miaka hiyo, lakini yeye akajifunga kibwebwe, akatembea mpaka kwa mchinjaji, akambembeleza, akarudi na maini na mafigo. Siku iliyofuata makongoro. Akakaa kando ya kitanda changu akiniangalia nimalize, na jasho la njia bado limo usoni pake. Ungemwambia nini? Nilikunywa, na kidole kikazidi.

Siku ya tatu alipita Kombo. Kombo ndiye mwenye minazi iliyopakana na ya Mzee Bakari. Mwaka ule alikuwa ameibiwa nazi mara mbili, akaleta mganga, wakafukia fingo shambani kwake, dawa ya kulinda miti. Sifa ya fingo hilo ilikuwa imeshatangazwa kila mahali: mwizi akipanda mnazi wa Kombo, atavimba mguu. Mimi nimekaa barazani, mguu juu ya sanduku. Kombo akasimama.

"Pole, Zakaria."

"Nishapoa."

"Mguu gani?"

"Si wauona? Wa kulia."

"Ahaa," akasema Kombo, akaenda zake.

Hiyo "ahaa" ilifika feri kabla ya jua kutua. Kesho yake watu wakawa wananipitia mmoja mmoja, wanasema pole wakitazama mguu wala si uso. Watoto wa jirani wakaambiwa wasicheze karibu na baraza yangu. Mimi, ambaye nilikulia kwenye misheni, naimba kila Jumapili, sasa ni mwizi aliyenaswa na fingo, na ushahidi ninao mguuni. Utajitetea vipi? Ukisema hujaiba, wanautazama mguu. Ukiuficha, wanasema unauficha.

Siku ya tisa uvimbe ulishuka wenyewe. Ngozi ya kidole ikawasha, ikabambuka kama ya kiazi kilichochemshwa, na nikapanda tena. Makarara yote yalikuwa yamekauka, na miti kumi haikuwa na jingine la kuanza. Mzee Bakari alikuja na fimbo yake, akatazama juu, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, Zakaria. Tusubiri." Mtu muungwana. Lakini alisema akiangalia mpaka wa Kombo, nami nikajua habari imemfikia.

Ulirudi wakati wa vuli, kidole kile kile. Safari hii nikasema naenda hospitali ya serikali, kule kisiwani. Wenye ugonjwa huu mkiwa Likoni, nawapa pole kwa feri kabla sijawapa pole kwa ugonjwa. Watu wamejaa, kuna baiskeli, kuku, magunia, na kila mmoja macho yake yako ng'ambo, hakuna anayetazama chini. Mtu wa kwanza alinikanyaga kabla feri haijang'oa nanga. Niliyoyasema siyaandiki hapa. Mama mmoja muuza mihogo, simjui mpaka leo, alimwaga mihogo yake kwenye leso, akanisogezea kapu tupu. "Tia mguu humo, baba. Hakuna atakayelikanyaga kapu." Nikavuka hivyo, mguu kapuni. Nilikuwa karibu kulia kwa wema wake.

Hospitali tulikaa kwenye ubao tangu jua linatoka mpaka adhuhuri. Katika kungojea huko nilishauriwa kupaka samli ya kondoo, kuchanja, kukanyaga mavi ya ng'ombe yenye moto, na kuoa mke wa pili. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefungwa taya kwa bendeji, hawezi kusema neno, na yeye peke yake ndiye niliyempenda.

Daktari Mzungu alikibonyeza kidole mara moja tu, nami nikaruka. Akasema neno lake, dresa mmoja kijana, msaidizi wake, akalitafsiri: jongo. Kuna chumvi fulani kwenye damu ambayo mwili umeshindwa kuitoa, imekwenda kukaa kwenye kiungo. Sikutaka kujua zaidi ya hapo, wala ninyi hamhitaji. Dresa akaniuliza: "Wanywa pombe?"

"Sinywi," nikasema.

Wallahi sikusema uongo. Mkristo haapi kwa wallahi, lakini nimekaa sana na Wadigo.

Nikapewa vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila saa mbili, mpaka maumivu yaishe au tumbo liendeshe, lolote litakalotangulia. Saa sina, kwa hiyo Mama Dama akawa anasikiliza honi ya feri na kuhesabu safari zake. Tumbo lilitangulia. Mchana kutwa mimi na kile choo cha makuti, narukaruka kwa mguu mmoja uani, huku mama yangu yuko nyuma yangu na bakuli: "Umetokwa na kila kitu mwanangu, kunywa supu kidogo." Lakini siku ya pili kidole kililala. Niseme kweli, vile vidonge ni dhahabu, ijapokuwa vinakudhalilisha.

Dresa alikuwa ameniandikia vya kuacha: maini, figo, makongoro, dagaa, maharagwe mengi, na pombe kama ipo. Na maji, maji, maji, mtungi mzima kwa siku, na magadi kidogo ndani yake. Hapo ndipo vita vya nyumbani vilipoanza. Mama alisomewa ile karatasi, akainuka, akaenda kukaa uani. "Mimi nimemlea huyu kwa maini. Huyo daktari alikuwapo?" Mama Dama akamjibu, "Ulimlea mzima, mama, sasa ni mgonjwa." Tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana ana kwa ana. "Zakaria, mwambie mkeo chumvi imekwisha." "Baba Dama, mwambie mama chumvi iko kwenye kifuu." Na wote wamesimama jikoni, bega kwa bega, na mimi niko chumbani na mguu wangu.

Maji ya visima vya karibu yana chumvi, hayafai. Mama Dama alikuwa akienda mbali kwenye kisima cha maji matamu, mtungi kichwani, kwenda na kurudi, kabla ya kwenda shambani. Nilikunywa mpaka nikachukia kuona kata. Nikawa nakojoa kama ng'ombe. Na supu niliiacha, ingawa mama alinuna mpaka Krismasi.

Sasa mtaniambia, basi ulipona. Sikupona! Kiangazi ukarudi. Masika yakaingia, ukarudi tena, safari hii mguu wa kushoto, kifundo na goti. Kiwiko kikaota kijinundu kigumu. Mapaja yangu yakakonda, na nyayo zangu, ambazo zilikuwa ngumu kama kwato, zikalainika zikawa nyayo za karani. Nikawa natembea na fimbo, mtu wa miaka arobaini. Maini nimeacha, makongoro nimeacha, dagaa nimeacha, maji nakunywa kama mpunga shambani, na bado! Kila nikipata nafuu narudi mitini, nauza tembo langu wiki tatu nne, na ugonjwa unarudi. Nikaanza hata mimi kulifikiria fingo la Kombo. Nikaanza kujiuliza kama siku moja nilipotelewa na mpaka nikapanda mti wake kwa bahati mbaya. Ugonjwa wa muda mrefu humfanya mtu mjinga.

Mzee Bakari akaja tena. Hakukaa. "Zakaria, mwanangu, mti haungoji mtu. Nusu ya minazi yangu imelala. Masika yakiisha na hali ni hii, itanibidi nimpe mwingine." Hakusema neno la wizi, lakini akiondoka aliniuliza nimesahau nini kwenye mashamba ya watu, naye alikuwa mtu wa tatu wiki ile kuniuliza hivyo. Nilijua nikitoka kwenye miti ile, hakuna mwenye minazi kuanzia Likoni mpaka Mtongwe atakayenipa hata mmoja. Mgema aliyevimbishwa na fingo atapewa mti na nani? Na sina kazi nyingine ninayoijua.

Nikavuka tena, na kapu letu safari hii. Dresa ni yule yule, jina lake Katana, Mgiriama wa Kaloleni. Alitazama karatasi zangu, akatazama goti, akakuna kichwa.

"Mzee, hunywi kweli?"

"Nimekwambia sinywi! Utaniuliza mara ngapi?"

"Wafanya kazi gani?"

"Mkulima wa minazi."

Akanitazama nyayo. Vidole vya mgema vina alama yake, vimepanuka na vina sugu pembeni. Akaanza kucheka polepole. "Baba yangu naye ni mkulima wa minazi," akasema. "Hebu niambie. Mteja akija, nani ananywa kwanza?"

"Mimi. Kwani wewe wa wapi hujui?"

"Wateja wangapi kwa siku?"

Nikafikiri. "Thelathini. Jumamosi zaidi."

"Na huko juu ya mti?"

"Naonja kila kibuyu, nijue kama limechacha. Usipoonja utajuaje?"

Akatoka, akarudi na ndoo tupu, pipa dogo la maji na kikombe cha bati. Akaniambia nipime mwenyewe mafunda yangu ndani ya kikombe. Nikapima, karibu nusu. Akaanza kumimina ndooni. Watu kwenye ubao wa kungojea, kwa kuwa hawakuwa na kazi, wakaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Kumi. Kufika ishirini mimi nilikuwa nimeshika tama. Thelathini. "Na ya mitini," akasema Katana, akaendelea. Nilidhani hatakoma. Alipokoma, ndoo ilikuwa imepita nusu.

"Haya," akawaambia wale watu, "huyu ndiye asiyekunywa."

Walicheka wote, hata mmoja aliyeletwa kwa machela. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Miezi kumi, feri, vidonge, ugomvi wa mama na mke, makarara kukauka, jina langu kuchafuka, na chanzo nakishika mkononi mwangu kila siku, mimi mwenyewe, kwa adabu! Katana akaacha kucheka, akakaa karibu nami, akasema kwa upole kwamba nikiacha kabisa na kuendelea na maji, huenda nikapanda tena. Nisipoacha, viungo vitakufa kimoja kimoja.

Nilirudi nikamweleza Mama Dama. Nilitegemea anipe pole. Akaanza: "Mimi nimebeba mitungi. Nimekosana na mama yako. Nimekesha kwa maombi. Na wewe ulikuwa wanywa ndoo?"

"Naonja, Mama Dama. Ni kuonja."

"Ndoo!" akasema, akaingia ndani.

Siku ile sikula chakula chake, kwa sababu hakupika.

Uvimbe uliposhuka nikapanda. Jioni nikaenda kwenye mangwe, kile kibanda chetu cha kuuzia tembo, nikateka kata, nikamtilia mteja wa kwanza bila kuonja. Akaitazama. Akanitazama. Kombo alikuwa amekaa pembeni, maana hakosi.

"Onja," akasema Kombo.

"Daktari amenikataza. Tembo ndilo linalonivimbisha."

"Tembo?" Akageukia wenzake. "Tangu lini tembo likavimbisha mguu wa mgema? Tembo lavimbisha mguu wa mtu mmoja tu Likoni nzima?"

Nikawaeleza habari ya chumvi kwenye damu. Nikawaeleza habari ya ndoo. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikiongea, na hata mimi nisingejiamini. Mteja akaiweka kata chini taratibu, akasema amekumbuka ana shughuli. Jioni ile sikuuza hata kata moja. Ya pili vivyo hivyo. Nilirudisha vibuyu vimejaa, nikamwaga tembo uani, likachacha, nyumba nzima ikanuka siki. Kwanza nilikuwa mwizi. Sasa ni mwizi mwenye sumu. Nikionja nakuwa kilema, nisipoonja sina kazi. Mzee Bakari akatuma neno kwamba Ijumaa atakuja na mgema mwingine kumwonyesha miti.

Alhamisi jioni nilikwenda mangweni kwa ukaidi tu. Wamekaa kumi au zaidi, wamekuja kutazama, si kununua. Nikaweka vibuyu. Halafu nikaona shingo zinageuka zote pamoja.

Mama Dama alikuwa anakuja. Mama Dama, ambaye kwa miaka kumi na sita akilifikia mangwe huzunguka nyuma ya kisima asilipite! Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa chama chake, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe. Akapita katikati ya wanaume, akasema "Hamjambo," nao wakamjibu kama watoto wa shule. Akakivua kitambaa. Akakikunja mara mbili, mara nne, akanipa nishike.

"Mama Dama, unafanya nini?"

"Nyamaza, Baba Dama. Umeshaongea siku mbili."

Akateka kata, si nusu, kata nzima. Akainywa yote. Alifumba macho, uso ukajikunja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na akaendelea mpaka mwisho. Akafuta kinywa kwa kiganja, vile ninavyofuta mimi. Sijui alijifunzia wapi.

"Haya," akasema. "Nimeonja. Mimi ndiye niliyeukanda huo mguu mwaka mzima, naujua kuliko fingo la mtu yeyote. Huyu hajaiba nazi ya mtu wala hajatia mtu sumu. Mwenye neno aseme sasa nikiwa hapa, asije akalisema kwangu barazani akitazama mguu. Kombo, una neno?"

Kombo akaitazama ile kata tupu. Akanyoosha mkono, akasema, "Nitilie." Nikamtilia. Baadaye nikawatilia wote, na kitambaa kile nimekibana kwapani kisichafuke.

Mzee Bakari alikuja Ijumaa na mgema wake, wakakuta niko juu ya mti wa saba. Akanisalimu kutoka chini, akaondoka na mtu wake.

Mama Dama alionja siku nne. Baada ya siku ya kwanza alikuwa akilowesha midomo tu, na mila ikatosheka. Siku ya tano Kombo alijitolea awe anaonja yeye kwa niaba ya wote, bure, na watu wakakubali, na mpaka leo ndiye anayeonja. Mwezi uliopita alikuja hapa kwangu amevaa kiatu kimoja. Nilimwuliza, "Mguu gani?" Nikamwuliza pia alipanda mnazi wa nani. Halafu nikampa kapu langu la feri na kumwelekeza kwa Katana, kwa sababu maumivu yale simwombei mtu.

Mimi tangu hapo umenirudia mara moja tu, nao haukukaa. Nyayo zimeanza kuwa ngumu. Mama yangu sasa anapika supu ya samaki wakubwa na kusema alijua tangu mwanzo kwamba maini ni mabaya.

Lakini liko jambo moja bado linaniuma. Habari za Mama Dama zilimfikia mchungaji, na aliyezipeleka ni mmoja wa waliokunywa jioni ile, tena ni mwenzangu wa kwaya, sauti ya tatu. Akaitwa. Hakujitetea. Akaambiwa amevunja kiapo, arudishe kitambaa kwa miezi mitatu, na akae kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na waliotengwa. Alikifua, akakipiga pasi, akakirudisha. Mimi niliyegema miaka yote, niliyekunywa ndoo, nimeandikwa mkulima, nakaa mbele na kwaya. Nilimwendea mchungaji nikamwambia hivyo hivyo. Akasema mambo ya chama cha akina mama ni ya akina mama.

Jumapili yake ya kwanza kule nyuma nilivaa viatu, vyote viwili, mara ya kwanza baada ya mwaka. Wimbo wa kwanza ulipotajwa, watu wakasimama. Mimi nikatoka kwenye safu ya kwaya. Kanisa letu ni refu na sakafu yake ni ya saruji, kila hatua yasikika. Nilitembea kutoka mbele mpaka mlangoni bila fimbo, kidole gumba kikikanyaga vizuri, na kwaya nyuma yangu ikaanza kuimba bila sauti ya nne.

Mama Dama alinitazama amekasirika. "Rudi mbele," akanong'ona. "Watu wanatazama."

"Na watazame. Sogea."

Akasogea.